Pete Mguuni mwa Wani

Muuguzi alipomfunga mwanangu utepe wa plastiki kwenye kifundo cha mguu, ulitoa mlio mdogo, tak, na mimi niliyekuwa nimevumilia uchungu tangu alfajiri bila kudondosha chozi nikaanza kulia kwa sauti. Muuguzi akashtuka. "Malesh, malesh, pole, haiumi," akaniambia, akidhani nimemwonea mtoto huruma. Nilishindwa kumweleza. Utamweleza vipi mtu mwenye wazazi wengine wanaomngoja kwamba ule mlio, na ile harufu ya plastiki mpya, vimekurudisha Rejaf, kwenye matuta ya mboga ya mama yako, kwa ndege mmoja ambaye jina lake la kitabuni hukulijua mpaka ulipokuwa mtu mzima?

Nyinyi mliorudi kutoka Uganda kwa malori mtazikumbuka tepe zile. Mimi nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi Adjumani, na siku ya kuondoka tulipangwa foleni, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akafungwa utepe mkononi wenye namba ya familia. Mama akanionya nisiuchezee. "Hiyo usitoe mpaka tufike nyumbani," akasema, na mimi, ambaye sikuwa mtoto wa kusikia mengi, hilo nikalisikia na likanikaa. Watoto wengine walikatwa tepe zao kwa wembe siku ile ile tulipoingia Juba. Mimi nilipiga mayowe mpaka Baba akasema niachwe. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Nyumbani nilikokuwa nikisimuliwa kule kambini kulikuwa na mto, na mboga, na upepo. Hapa nilikuwa nimeletwa kwenye chumba cha mabati mtaa wa Hai Mauna, nyuma ya karakana ambako Baba alichomelea milango na madirisha, na nyundo zilianza kabla jua halijatoka vizuri. Hatujafika, nikawaambia. Tukifika mtaniambia.

Ulikuwa wakati wa bendera. Uhuru ulikuwa umeingia juzi tu, kila aliyepata kiwanja alitaka geti, na kila geti lilitaka kupakwa nyeusi, nyekundu na kijani. Baba alikuwa akirudi jioni na rangi za taifa kwenye kucha. Mbele ya karakana alikaa Anti Prossy, Mganda aliyekaanga chapati, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabara ya pili, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukejeli utepe wangu.

"Banange! Hii katoto iko kama mzigo ya basi," akawaambia wateja wake. "Bado inangoja mwenyewe akuje achukue!"

Wateja wakacheka. Mimi nikavuta mkono wa gauni ukafunika utepe, nikamnunia hadi aliponipa kipande cha chapati cha moto. Nilikula, lakini utepe sikuutoa.

Shamba la Rejaf lilikuwa la babu yangu mzaa mama, kipande chembamba kando ya mto ambacho miaka yote ya ukimbizi kilikuwa kimelala na kuota majani ya kumzidi mtu kimo. Mama alilifyeka mwenyewe. Aliliita jenena, kama wote wanavyoita bustani Juba, na kila asubuhi alipanda boda na panga lake limefungwa kwenye gunia. Siku ambazo hakukuwa na shule nilikaa katikati, kati ya dereva na Mama, pua yangu mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Nikivuta kumbukumbu leo, kinachonijia kwanza ni harufu: udongo uliomwagiwa maji asubuhi, na majani ya jirjir, mboga yetu ya kuliwa mbichi, ukiyafikicha, ukali ule unaokupanda puani kabla haujafika mdomoni.

Mama alikuwa amejifunza kulima Uganda, kwa mvua za Uganda, na hakutaka kuambiwa kitu. Majirani waliokuwa hawajawahi kuondoka Rejaf walimwambia asikimbilie kupanda, angoje ndege wadogo wa manjano. Hao wakishatua, walisema, ujue mvua kubwa imekwisha na mto umeanza kushuka. Ndipo unamwaga mbegu. Mama akaitikia kwa adabu, akapanda siku ile ile. Mto ukapanda usiku mmoja ukabeba matuta yote. Mama alikuwa na kichwa kigumu, na sijui kwa nini watu huuliza mimi changu nilikitoa wapi. Siku tatu hakwenda shamba, na hakuimba wakati wa kupika. Kisha akaenda akatengeneza matuta upya, safari hii akakaa juu ya jerikeni na kungoja kama alivyoambiwa.

Walikuja mara moja, asubuhi, kana kwamba mtu amewamwaga. Jana hapakuwa na kitu, leo walikuwa kila mahali, wembamba, vifua vya manjano, sauti nyembamba ya tsii, tsii, na mkia usiojua kutulia. Hawakuruka-ruka kama shomoro. Walitembea, mguu mbele, mguu nyuma, kama watu wenye shughuli sokoni, na kila hatua mkia unapanda na kushuka. Sisi tuliwaita mtikisa-mkia. Mama alipomwaga maji kwenye tuta, wadudu walitoka udongoni, na ndege wakakimbia nyuma ya visigino vyake kuwaokota.

Nilikuwa nimechuchumaa nikiwatazama nilipoona kitu kikimeta kwenye mguu wa mmoja wao. Nikalala kifudifudi kwenye tope, nikiwa na gauni safi, ili nione vizuri. Ilikuwa pete. Pete nyembamba ya bati, imezunguka mguu mwembamba kuliko njiti ya kiberiti.

"Mama! Huyu amekuja na lori!"

"Nani?"

"Huyu ndege! Amefungwa utepe. Ameandikishwa!"

Mama akaweka debe chini, akaja akainama. Alipoiona ile pete akacheka, kicheko cha kwanza tangu mto utunyang'anye mboga. "Ai, kweli. Huyu naye amerudi. Sasa jina yake nani?"

"Wani," nikajibu bila kufikiri.

"Wewe Keji! Kwetu Wani ni jina ya kijana anazaliwa ya tatu. Kijana ya kwanza na ya pili wako wapi?"

"Bado wako njiani," nikasema. "Lori lao halijafika."

Mama akaacha kucheka. Alikuwa amenizaa mimi peke yangu, na nilikuwa nimesikia vya kutosha kupitia ukuta wa mabati kujua kwamba yeye na Baba walitamani wengine na hawakuwapata. Aliniangalia kidogo, akanifuta tope shavuni kwa kidole gumba, akarudi kumwagilia.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpelelezi wa Wani. Asubuhi nilimkuta kwenye tuta lile lile la jirjir lililo karibu zaidi na maji, na akija mwenzake alimfukuza kwa hasira za mwenye nyumba. Jua likipanda alihamia kwa ng'ombe waliopitishwa malishoni, akitembea katikati ya kwato bila woga, akidaka nzi usoni kwao. Nilimfuata huko nikiwa na fimbo, nikiogopa pembe, nikimpoteza na kumpata. Jioni ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Jua likianza kuingia wote walinyanyuka na kuvuka kwenda kwenye matete ya kisiwa cha katikati ya mto, na matete yale yakajaa ndege na kelele zao. Nilimsihi Mama tungoje mpaka waishe kuingia, ili nihakikishe Wani amepata mahali pa kulala. Mara nyingine boda zote zilikuwa zimekwisha kuondoka na tulitembea hadi barabarani, Mama akinilaumu njia nzima na bado kesho yake akingoja tena.

Nilijua bila shaka yoyote kwamba ametoka Adjumani. Ushahidi aliutoa Anti Prossy mwenyewe siku nilipomweleza jinsi ndege wangu alivyo.

"Hiyo ya kutingisha mkia? Hata kwetu Jinja iko," akasema, akigeuza chapati kwa vidole. "Inakujanga, inakaa, halafu inaendanga."

Ya kwenda sikuyasikia. Nilisikia kwamba iko Uganda, basi, na kilichotoka Uganda kikiwa na utepe kilikuwa kimerudi nyumbani. Nikafanya uamuzi wangu. Wani alikuwa ameizunguka dunia yote niliyoijua, akachagua tuta la babu yangu. Kama yeye angekubali kwamba hapa ndipo nyumbani, akakaa moja kwa moja, basi na mimi ningekubali, na Mama angeukata utepe. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu anayehesabu miche.

Lakini kiangazi kilipozeeka, joto likafika mahali ambapo mabati ya Hai Mauna yaliuma mkono, na manyunyu ya kwanza yakanuka vumbini, Wani alianza kubadilika. Manjano yake ilikolea, akawa anang'aa kama aliyenunuliwa nguo ya safari. Hakutulia tena kwenye tuta. Alikula kwa pupa, akanyanyuka, akarudi. Na kila tulipofika shambani ndege walikuwa wamepungua.

Naomba mwelewe nilivyoogopa. Siku zile watu waliorudi Uganda tulisimuliwa habari zao kwa sauti ya chini. Familia fulani ilikuwa imekosa kiwanja, ikapanda basi. Fulani alikosa kazi. "Wameshindwa," walisema wakubwa, na mada ikabadilishwa. Sasa Wani naye alikuwa anafungasha. Wani akishindwa, nani ataweza?

Jumapili moja baada ya kanisa Baba alikuja nasi Rejaf kutengeneza uzio. Mama alikuwa na desturi ya kufunika miche kwa vyandarua vikuukuu, ili kuku wa jirani wasiichakure, na mimi nilipokwenda kufunua kitalu niliona kitu kinapapatika pembeni mwa chandarua. Alikuwa Wani, amenaswa bawa na mguu, mdomo wazi. Nikamwita Baba huku nikiruka-ruka. Moyoni nilikuwa nashangilia. Mungu mwenyewe alikuwa amemkamata kwa niaba yangu.

Baba akakaa juu ya jerikeni, akamshika kwa mkono wake mkubwa uliojaa makovu ya cheche, akaanza kutegua uzi mmoja mmoja kwa kucha.

"Baba, mchomelee nyumba," nikasema. "Ya nondo nyembamba. Yenye geti."

"Kwa nini?"

"Anataka kurudi kambini. Atashindwa huyo."

Baba hakunicheka. Akamgeuza ndege taratibu mpaka mguu wenye pete ukawa juu. "Kuja hapa. Angalia hii. Unaona mahali bati imekutana?" Nikaona mstari mwembamba, na herufi na namba ndogo ambazo hata yeye hakuzisoma zote. "Hii haikuota. Mutu alichukua bati, akazungusha, akabana na koleo polepole, mfupa isivunjike. Mimi ni fundi, nakuambia, huyo ni mutu ya mikono muzuri. Sasa alipomaliza kubana, alikuwa ameshika ndege namna gani?"

"Kama wewe."

"Kama mimi. Halafu akafanya nini?"

Sikutaka kujibu. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akajibu kwa niaba yangu. "Akaachia."

"Aliachia," Baba akasema. "Kama alitaka kufunga, angefunga na kamba. Hii si kamba, Keji. Hii inasema tu: nilikushika, sasa nataka kujua mahali unafika."

Kisha akaniwekea Wani mikononi. Hakuwa na uzito wowote. Niliisikia pete yake, baridi, kwenye kidole changu, karibu na utepe wangu ambao kwa wakati huo ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Na chini ya manyoya niliusikia moyo wake, haupigi, unatetemeka. Nisijisifu. Wengine wangesema walifungua mikono kwa sababu ya maneno ya baba yao. Mimi nilifungua kwa sababu moyo ule ulinitisha. Niliona utanikatikia mkononi. Wani akatoka, akagusa maji kwa mbali, akanyanyuka juu ya matete na hakugeuka hata kidogo kuniangalia. Nililia kwenye boda mpaka dereva akauliza nani amekufa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu. Mto ukajaa, ukawa wa kahawia, ukabeba magogo. Kazi ya mageti ilipungua, na nilimwona Baba akikaa na Anti Prossy mchana kutwa akiongea siasa. Mama alikuwa na mbegu zake kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, na safari hii hakuthubutu kuzigusa. Majirani walipoanza kufyeka alifyeka. Walipotengeneza matuta alitengeneza. Kisha wote wakangoja. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa kwamba si mimi tu niliyekuwa na shida na ndege. Mboga zetu zote zilikuwa kwenye kopo lile, na kopo lilimngoja yeye.

Anti Prossy alinitania bila huruma. "Ndege ya wewe imepata mke huko! Imesahau Juba!" Lakini kila aliponiona narudi kutoka Rejaf alikuwa akiacha unga na kuuliza, "Bado?" Nami nikitikisa kichwa, yeye ndiye aliyeguna kwa sauti kunizidi.

Siku alipokuja si mimi niliyemwona kwanza. Nilikuwa nimeshuka mtoni kuchota maji, nikasikia Mama anapiga kelele, na nikadhani ameona nyoka.

"Keji! Taal! Taal shufu, kuja uone!"

Nilipanda ukingo nikimwaga maji yote. Mama alikuwa amesimama katikati ya shamba, mikono kichwani, na mbele yake walikuwa wakitembea, wembamba, wamechoka, mikia juu na chini. Na kwenye tuta la karibu na maji, ambalo lilikuwa bado halina hata jani moja, alikuwepo mmoja anawafukuza wenzake kwa hasira za mwenye nyumba. Nikajitupa kifudifudi. Pete ilikuwepo. Ilikuwa imechakaa kidogo, au labda ni tope.

Mama alikuwa analia na kucheka. Nikamnyooshea mkono wangu. Akachukua kisu cha kukatia jirjir, akakifuta kwenye kitenge, akapitisha ncha kati ya ngozi na plastiki. Utepe ulikuwa mkavu, ukakatika mara moja. "Khalas, imekwisha," Mama akasema. "Tumefika." Tukamwaga mbegu mchana ule ule.

Mwaka uliofuata alipoondoka nilimpungia mkono kama watu wanavyopungia basi, nikamwambia awasalimie wa Adjumani. Alipokawia nilinung'unika tu. Na alikuja tena, mimi nikiwa nimerefuka, gauni lile la tope limekuwa fupi, na Mama akiuza mboga hadi Hai Malakal.

Kisha, jioni moja ya Jumapili, Krismasi ikikaribia, zikasikika risasi mjini. Mimi nilizifurahia. Siku ya uhuru askari walikuwa wamepiga risasi juu na sisi watoto tukacheza chini yake, kwa hiyo nilidhani tumepata kitu kingine, nikakimbilia uani kuangalia. Mama alinidaka gauni kwa nyuma akanivuta mpaka sakafuni, na uso wake ndio ulioniambia kwamba hii haikuwa sherehe. Siku zilizofuata tulikaa chini ya usawa wa dirisha. Anti Prossy, aliyekuwa amekimbilia kwetu, alikanda unga akakaanga chapati kwa mkaa mdogo ndani ya chumba kile kile, na hakuna aliyecheka moshi ulipotutoa machozi. Sitasema nilivyovisikia nje. Mliokuwepo mnavijua, na wasiokuwepo waachwe.

Barabara ilipofunguka kidogo tulipata nafasi nyuma ya pikapu, sisi watatu na Anti Prossy, tukavuka daraja kuelekea mpaka wa Nimule. Tulipofika mahali ambapo njia ya Rejaf inachepuka, Mama akageuza shingo na kuiangalia mpaka ikapotea.

"Miche iko chini ya chandarua," akasema. "Nani atafunua?"

Baba akamshika bega. Mimi niliwaza tuta la karibu na maji, na Wani anakimbia huku na huku akitafuta visigino vya Mama.

Upande wa pili wa mpaka tulipangwa foleni. Kwenye meza alikaa kijana aliyechoka, na mbele yake rundo la tepe mpya, nyeupe. Harufu ile ilinifikia kabla hatujafika mezani. Anti Prossy alikuwa ameagana nasi, yeye alikuwa kwao; alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi na kwa mara ya kwanza hakunitania. Zamu yetu ilipofika kijana akasema mama aanze. Mama akaficha mikono yake yote miwili ndani ya kitenge.

"Mkono, mama," kijana akarudia.

Mama hakutoa. Alikuwa anaangalia chini, machozi yanamdondoka miguuni, na nilimsikia akisema polepole, si kwa kijana, kwa Baba, "Nilikata mimi mwenyewe. Na kisu. Nikasema khalas." Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Sijawahi kumwona mama yangu amedhalilika namna ile, na natamani nisingemwona.

Basi nikapita mbele yake, nikaweka mkono wangu mezani. "Mimi kwanza," nikamwambia kijana. Akanifunga. Tak. Nikamgeukia Mama nikamwonyesha mahali plastiki ilipokutana.

"Mama, si kamba," nikasema. "Hata Wani anavaa. Na anarudi."

Baba akageuka upande, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha Mama akatoa mkono mmoja ndani ya kitenge, akauweka mezani kando ya wangu, na kijana akamfunga na yeye.

Kambi ile ilikuwa mpya, hema na vumbi, na siku nyingi za mwanzo sina hamu ya kuzikumbuka. Lakini nakumbuka asubuhi moja joto lilipokuwa kali na manyunyu yameanza. Kwenye uwanja ambao wavulana walikuwa wamesafisha wacheze mpira walikuwa wametua, manjano iliyokolea, nguo za safari. Nilimkimbilia Mama hemani. Alikuja na kijiko cha uji mkononi. Tukasimama pamoja, tukiinama kuangalia miguu yao, na watu wakatuona kama tumechanganyikiwa. Hatukuona pete. Walikuwa wengi, na hawakutulia.

"Wanaelekea kule," Mama akasema, akionyesha kaskazini kwa kijiko, upande tuliotoka. Siku ile ndiyo aliyoomba jembe kwa jirani akaanza kitalu nyuma ya hema, na aliimba wakati wa kupika.

Miaka ilipita kabla hatujarudi. Nilikuwa nimesoma, nikajua jina la Kiingereza la mtikisa-mkia, nikajua kwamba hakuwa ametoka Adjumani hata kidogo. Alizaliwa mbali sana, kwenye nchi za theluji, na watu wanaochunguza safari za ndege ndio waliomshika na kumwachia. Kila mwaka alivuka bahari na jangwa lote kuja kwenye tuta letu. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu maktabani. Kumbe Rejaf haikuwa mahali pake pekee, na bado alipigania tuta lile kama hana lingine. Vita vilipochoka Mama akawa wa kwanza kufungasha. Alilikuta shamba limeota majani ya kumzidi kimo, akalifyeka tena. Hakuna aliyehitaji kumwambia angoje akina nani. Wani mwenyewe hawezi kuwa hai, ndege wadogo hawaishi miaka mingi hivyo. Lakini kila wakitua mimi huangalia miguu kwanza, mpaka leo.

Ndiyo maana nililia mbele ya muuguzi. Mama alikuwa ameingia kutoka shambani, kucha zina udongo, kitenge kinanuka jirjir mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. Akamchukua mjukuu wake, akamfunua shuka miguuni, akauona utepe. Akauzungusha kwa kidole taratibu, akiangalia mahali ulipokutana.

"Mama," nikamwambia, "mvulana."

"Naona," akasema. Alikuwa anatabasamu na macho yamejaa. Akainamisha uso mpaka ukagusana na wa mtoto. "Basi huyu ndio kijana ya kwanza. Karibu, baba. Mama yako hii aliniambia zamani wewe iko njiani, lori yako bado."